Mwaka ulioandikwa kwenye mfuko: uchambuzi wa kisa cha akiba ya ada

Usuli

Bi. N. na mumewe walianza kuweka akiba ya masomo ya juu ya mtoto wao wa kwanza Januari 2011, mtoto akiwa na umri wa miaka 6. Walijua chuo kingeanza Septemba 2023 na kwamba masomo yangechukua miaka 4. Mimi ni mshauri wa uwekezaji. Niliitwa Januari 2023, miezi minane kabla ya ada ya kwanza. Kwa hiyo yaliyotangulia nimeyapata kwenye taarifa zao za akaunti, ambazo walizitunza zote, na kwa kuwasikiliza wenyewe.

Wameniruhusu kukiandika kisa hiki. Majina, kazi zao, jina la mfuko na kiasi halisi cha fedha nimeviondoa. Badala ya fedha natumia sehemu: gharama yote ya miaka 4, kama walivyoikadiria tangu mwanzo, naiita sehemu 100, na kila mwaka wa chuo unabeba sehemu 25. Walianza na sehemu 3 walizokuwa nazo tayari, kisha wakaweka agizo la kudumu benki la sehemu 0.4 kila mwezi. Katika miaka 12 hawakuruka hata mwezi mmoja. Nalisema hili mapema kwa sababu mtu akisoma kisa cha makosa hudhani kinahusu watu wazembe. Hawa hawakuwa wazembe.

Mfuko waliouchagua

Walichagua mfuko wa uwekezaji wa pamoja wenye mwaka lengwa. Mfuko wa aina hii huwa na mwaka katika jina lake. Mwaka huo ukiwa mbali, sehemu kubwa ya fedha hukaa kwenye hisa, ambazo hupanda na kushuka sana lakini kwa muda mrefu ndizo zinazokuza. Kadiri mwaka unavyokaribia, meneja wa mfuko hupunguza hisa na kuongeza hatifungani (mikopo ambayo serikali au kampuni huchukua kwa wawekezaji na kuilipia riba) na dhamana za muda mfupi, kwa ratiba iliyopangwa tangu siku ya kwanza. Mwenye vipande, yaani mafungu ya umiliki wa mfuko, hafanyi lolote. Ratiba hiyo ya kupunguza hatari ndiyo roho ya mfuko, na katika maandishi haya nitaiita mteremko.

Mifuko hii ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1994. Ilikua kwa kasi baada ya sheria ya pensheni ya mwaka 2006 ya nchi hiyo kufungua njia kwa waajiri kuwaingiza humo wafanyakazi ambao hawakuchagua wenyewe mahali pa kuweka akiba yao ya uzeeni. Asili hiyo ina uzito katika kisa hiki. Ni mifuko iliyozaliwa kwa ajili ya kustaafu, na mingi bado ni ya kustaafu hata pale jina linapotaja mwaka tu bila kutaja kusudi.

Msururu waliouziwa ulikuwa na mifuko ya 2020, 2025, 2030 na kuendelea, kila baada ya miaka 5. Ada yao ilikuwa ya 2023. Mume alinieleza hesabu yao: kutoka 2023 hadi 2020 ni miaka 3, hadi 2025 ni miaka 2, basi 2025 ndio ulio karibu. Kwa mtu ambaye hajafundishwa kuuliza swali jingine, hesabu hiyo haina kasoro.

Waraka wa toleo, yaani maelezo rasmi ya mfuko kwa wanunuzi, ulikuwa na jedwali la mteremko. Mwaka 2011 mfuko wa 2025 ulikuwa na asilimia 80 kwenye hisa. Mwaka 2020 ulitakiwa kuwa na asilimia 65, mwisho wa 2021 asilimia 56, na ukifika 2025 wenyewe asilimia 50. Jedwali halikuishia hapo. Liliendelea kuteremka kwa miaka 7 zaidi, hadi asilimia 30 mwaka 2032. Na juu ya jedwali, kwa herufi za kawaida kabisa, iliandikwa kwamba mfuko unamfaa mtu anayetarajia kustaafu karibu na 2025.

Bi. N. aliposoma mstari huo mbele yangu, aliurudia mara mbili, kisha akanyamaza.

Yaliyotokea, 2011 hadi 2022

Miaka 9 ya kwanza haina mengi ya kusimulia. Soko lilikuwa jema kwa jumla, agizo la kudumu lilifanya kazi, na kufikia Februari 2020 akiba ilikuwa imefika sehemu 71. Walikuwa wakifungua taarifa mara moja kwa mwaka.

Kisha ikaja korona. Kati ya tarehe 19 Februari na 23 Machi 2020, faharisi ya S&P 500 ya Marekani, kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa zipatazo 500, ilianguka kwa takriban asilimia 34. Mfuko wao haukuanguka kiasi hicho kwa sababu theluthi yake ilikuwa hatifungani, lakini katika wiki ya tatu ya Machi ulikuwa umeshuka kwa asilimia 18. Bi. N. alikuwa ameweka programu ya mfuko kwenye simu na sasa alikuwa akiifungua kila asubuhi kabla ya kutoka kitandani. Asubuhi moja aliuza nusu ya vipande. Mumewe aliambiwa jioni.

Nilimuuliza alikuwa akifikiri nini. Alisema, "Nilihesabu miaka iliyobaki. Mitatu na nusu. Nikajiuliza, ikiendelea hivi, nitamwambia nini mwanangu?" Siwezi kuuita upumbavu. Alikuwa amesoma tarehe yake vizuri kuliko mfuko ulivyoisoma. Hisa asilimia 65 kwa fedha itakayoanza kutumika baada ya miaka 3 na nusu ni nyingi. Hofu yake ilikuwa na msingi. Kilichokosewa ni wakati na namna ya kuifuata.

Fedha aliyotoa, kama sehemu 29, ilikaa kwenye akaunti ya benki hadi Septemba. S&P 500 ilivuka kilele chake cha Februari mwezi wa Agosti 2020, magazeti yakaandika, na ndipo aliporudi. Siku aliyonunua tena vipande, bei ilikuwa juu ya ile ya Februari kwa asilimia 2. Vipande ambavyo kama vingebaki vingekuwa na thamani ya sehemu 36 sasa vilikuwa vya sehemu 29. Sehemu 7 zilikwenda katika miezi 6, na hazikwenda kwa sababu soko lilianguka. Zilikwenda kwa sababu lilipoinuka, nusu ya fedha haikuwemo.

Kuna jambo hawakulijua wakati ule. Hisa zilipoanguka, uwiano wa hisa ndani ya mfuko ulishuka chini ya asilimia 65 za kwenye ratiba. Kazi ya meneja ni kuurudisha. Kwa hiyo katika wiki hizohizo mfuko ulikuwa ukiuza hatifungani na kununua hisa kwa bei ya chini. Mfuko ulikuwa ukinunua kile alichokuwa akikimbia yeye. Agizo la kudumu, ambalo kwa bahati hakulikumbuka, nalo liliendelea kununua vipande vya bei rahisi Machi, Aprili na Mei.

Kufikia Desemba 2021 akiba ilikuwa sehemu 90. Kama vipande vya Machi 2020 visingeuzwa, kwa hesabu yangu ingekuwa 98.

Mwaka 2022 ndio uliowaleta kwangu. Mfumuko wa bei ulikuwa umepanda duniani, na benki kuu zikaanza kupandisha riba kwa haraka. Benki Kuu ya Marekani ilianza Machi riba ikiwa kati ya asilimia 0 na 0.25, ikamaliza Desemba ikiwa kati ya 4.25 na 4.5. Riba ikipanda, hatifungani za zamani zinazolipa riba ndogo hupoteza bei, kwa sababu mnunuzi anaweza kupata mpya zinazolipa zaidi. Na kadiri hatifungani inavyobaki na miaka mingi kabla ya kuiva, ndivyo bei yake inavyoanguka zaidi. Ile inayobeba uzito wa miaka 6, yaani ambayo kwa wastani fedha yake hurudi baada ya miaka 6, hupoteza karibu asilimia 6 ya bei kila riba inapopanda kwa nukta moja, mfano kutoka asilimia 2 hadi 3. Mwaka ule S&P 500 ilipoteza asilimia 18 hata baada ya kuhesabu gawio, na faharisi kuu ya hatifungani za Marekani ikapoteza asilimia 13. Upande uliotakiwa kuwa mto wa kuangukia nao ukaanguka.

Mfuko wao ulishuka kwa karibu asilimia 16. Pamoja na michango ya mwaka mzima, akiba ilifunga Desemba 2022 ikiwa sehemu 80. Mwaka mmoja kabla ilikuwa 90. Ada ya kwanza ilikuwa imebakiza miezi minane.

Mezani, Januari 2023

Walikuja na mawazo mawili yanayopingana, na kila mmoja alikuwa ameshayatetea nyumbani kiasi cha kuchoka.

Mume alitaka waache kila kitu. "Hasara haihesabiki mpaka uuze," alisema. "Na safari ile tuliuza, ukaona." Alitaka ada ya mwaka wa kwanza ilipwe kwa mkopo, ili mfuko upewe muda wa kurudi. Bi. N. alitaka kutoa zote sehemu 80 na kuziweka benki. Hakutaka kuiona tena ile programu.

Hoja ya mume inastahili kujibiwa kwa uangalifu, kwa maana husikika kila mahali. Ni kweli kwa mtu ambaye tarehe yake inaweza kusogea. Mstaafu anaweza kupunguza matumizi mwaka mmoja, au kufanya kazi miezi 6 zaidi. Chuo hakisogei. Fedha ambayo ni lazima itoke Septemba itauzwa Septemba, kwa bei yoyote itakayokuwepo siku hiyo. Kusema hasara yake haijahesabiwa ni kuahirisha tu siku ya kuihesabu. Kukopa kwa riba ya uhakika ili kushikilia kitu ambacho faida yake haina uhakika nako ni kuongeza hatari, na hapa ingeongezwa katika mwaka ambao hatari ilipaswa kuwa ndogo kuliko yote iliyopita.

Kwa Bi. N. nilichora mistari 4 kwenye karatasi, mmoja kwa kila Septemba: 2023, 2024, 2025, 2026. Nikamuuliza, sehemu 25 za mstari wa mwisho zina haja gani ya kutoka leo? Zina miezi 44. Ada nazo hupanda. Zikikaa benki kwa riba ndogo zitaliwa na bei.

Kisha tukapiga hesabu ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo iliyomaliza mabishano. Mkononi sehemu 80. Michango ya 0.4 kwa miezi 44 ijayo, hadi malipo ya mwisho, ni 17.6. Jumla 97.6 kabla ya faida yoyote. Walikuwa wakiitazama ile 90 iliyopotea na kuona shimo. Lakini kwa lengo la sehemu 100, walihitaji soko liwape kidogo sana: ile tofauti ya 2.4 na kitakachoongezeka kwenye ada. Mtu anayehitaji kidogo hivyo hana sababu ya kuhatarisha vingi.

Tukagawa akiba kwa tarehe. Sehemu 25 za Septemba 2023 zilitolewa wiki ileile na kuingia kwenye mfuko wa ukwasi, yaani ule wa amana na dhamana fupi ambao fedha yake hutoka upesi. Sehemu 25 za 2024 zilinunua dhamana za serikali zinazoiva kabla ya Septemba ya mwaka huo. Kupanda kwa riba kulikowaumiza 2022 sasa kuliwafanyia kazi, maana dhamana fupi zilikuwa zikilipa kiasi ambacho hakikuonekana kwa miaka mingi. Sehemu 30 zilibaki kwenye mfuko wa 2025 kwa miaka miwili ya mwisho. Tulipima: hata zikipatwa na anguko la asilimia 40, wangepoteza 12, chini ya nusu ya ada ya mwaka mmoja, na wangekuwa na miaka miwili ya kuliziba. Waliona wanaweza kuishi na hilo. Michango ya kila mwezi ilielekezwa kwenye mfuko wa ukwasi. Kuiongeza hawakuweza, na sikuwasukuma.

Programu ilifutwa kwenye simu ya Bi. N. Hilo lilikuwa wazo la mumewe, na yeye alilikubali.

Matokeo

Ada ya Septemba 2023 ililipwa siku yake, sehemu 25. Ya 2024 ilikuja 26, na dhamana zilizoiva zilitosha zikabakiza kidogo. Sehemu 30 zilizobaki mfukoni zilifika 37 mwisho wa 2024. Desemba hiyo tulihamisha 28 kwenye dhamana za muda mfupi kwa ajili ya mwaka wa 3, zikabaki 9. Ada ya mwaka wa 3 ilikuja 28 kamili, ikalipwa. Ya mwaka wa 4 tunaikadiria 29, na kwa kilichopo pamoja na michango inayoendelea, hesabu inafika na kubakiza karibu sehemu 2.

Upande wa pili wa daftari lazima nao usomwe. Hisa zilipanda sana 2023 na 2024; S&P 500 ilipata zaidi ya asilimia 20 kila mwaka. Zile sehemu 50 tulizozitoa Januari 2023 kama zingebaki mfukoni hadi siku za kulipia, zingeleta kama sehemu 5 zaidi ya zilizoleta. Mume aliniuliza kuhusu hilo waziwazi, nami nilimpa tarakimu hiyo waziwazi. Ningefanya uamuzi uleule tena. Januari 2023 hakuna aliyekuwa na barua kutoka 2024.

Uchambuzi

Nianze na kilichofanya kazi, kwa sababu kinasahaulika haraka. Agizo la kudumu ndilo lililojenga akiba hii. Hadi mwisho wa 2022 walikuwa wameweka kwa mikono yao karibu sehemu 61, na pamoja na hofu ya 2020 na anguko la 2022 walikuwa na 80. Mfuko nao ulifanya ulichoahidi kwenye waraka, mwaka kwa mwaka, bila kukosea hata hatua moja ya ratiba. Nimeona familia zinazochagua hisa moja moja kwa fedha ya ada, na singebadilisha kisa hiki na chao.

Kilichoshindwa ni mkutano wa vitu viwili vilivyo sawa kila kimoja peke yake. Mwaka kwenye jina la mfuko unasema siku ya kuanza kutumia. Hausemi matumizi yatachukua muda gani. Mstaafu wa miaka 65 anaanza kutumia 2025 na huenda ataendelea kwa miaka 25. Kwake, nusu ya fedha kubaki kwenye hisa siku ya kwanza ya kustaafu ni kinga dhidi ya mfumuko wa bei na dhidi ya kuishi kuliko akiba yake. Mwanafunzi anaanza na kumaliza ndani ya miaka 4. Kwake nusu hiyohiyo ni mtaji wa mchezo ambao hana muda wa kuucheza. Jedwali lilikuwa moja, na kwa mmoja lilikuwa busara, kwa mwingine hatari.

Ndani ya mifuko ya kustaafu yenyewe kuna tofauti ambayo wauzaji huipitia haraka. Ipo inayoteremka hadi mwaka lengwa na kusimama hapo, ikiwa imeshakuwa tulivu. Na ipo inayoendelea kuteremka miaka mingi baada ya mwaka huo, kwa hiyo siku ya mwaka lengwa bado ina hisa nyingi. Mifuko miwili yenye tarakimu 2025 kwenye jina inaweza kuwa na nyoyo mbili tofauti kabisa. Mwaka 2008 ulilionyesha hili kwa ukatili. Mifuko ya Marekani yenye mwaka lengwa 2010, yaani ya watu waliobakiza miaka 2 tu kustaafu, ilipoteza wastani wa karibu asilimia 24 mwaka ule. Wastani huo ulificha pengo: kuna iliyopoteza asilimia 9 hivi na kuna iliyopoteza 41. Wenye mifuko hiyo walikuwa wamesoma tarakimu moja. Juni 2009 mamlaka ya masoko ya mitaji na wizara ya kazi za nchi hiyo ziliitisha kikao cha pamoja cha kusikiliza hoja juu ya jambo hilo.

Nimeziweka asilimia hizo juu ya sehemu 90 za Desemba 2021. Anguko la 9 lingewaacha na 82. La 24 lingewaacha na 68. La 41 lingewaacha na 53, miaka miwili ya chuo na kidogo. Yote hayo yalikuwa yanawezekana kwenye mfuko waliokuwa nao, na wao walidhani wako kwenye gari linalopunguza mwendo kabla ya kituo chao.

Sasa niseme jambo lililonishangaza mwenyewe nilipomaliza hesabu. Nilirudia miaka ya 2019 hadi 2022 kwa mfuko wa kubuni wenye mteremko wa kielimu: hisa asilimia 40 mwaka 2019, zikiteremka hadi 20 mwaka 2022, na zilizobaki kwenye hatifungani fupi. Ungekosa sehemu kubwa ya mapato mazuri ya 2019 hadi 2021. Ungepoteza asilimia 7 hivi 2022 badala ya 16. Mwisho wa 2022 wangekuwa na takriban sehemu 84. Walikuwa na 80. Kama wangebaki na mfuko wao usiofaa bila kuuza Machi 2020, wangekuwa na 87.

Kwa hiyo mtu akitazama tarakimu ya mwisho tu, 87 dhidi ya 84, mfuko usiofaa ukiachwa bila kuguswa uliushinda mfuko unaofaa. Naliona hili kuwa funzo gumu zaidi katika kisa chote. Miaka ya soko jema iliwafichia hitilafu, kama barabara kavu inavyoficha matairi yaliyokwisha. Huwezi kuujua ufaafu wa mfuko kwa kutazama ulifika wapi. Lazima utazame ungeweza kukufikisha wapi.

Na ile Machi 2020, ninavyoiona, ilizaliwa na hitilafu hiyohiyo. Watu wengi wangeiandika kama kosa la tabia: aliogopa, akauza chini, akanunua juu. Ni kweli alifanya hivyo. Lakini mfuko wa hisa asilimia 40 usingeshuka kwa 18. Ungeshuka kwa kadirio la 11 au 12, na hatifungani zake fupi zingebaki karibu zilipokuwa. Sina hakika angeuza. Alichofanya kwa nusu ya vipande ni marekebisho ambayo mfuko sahihi ungekuwa umeshayafanya polepole miaka 2 kabla, bei zikiwa nzuri. Tukimlaumu kwa hofu, tunakwepa kumuuliza aliyemuuzia kwa nini mtu mwenye tarehe ya 2023 alikuwa na hisa asilimia 65 mwaka 2020.

Hatifungani nazo zina la kujibiwa. Neno "salama" lilitumika kwao kwa jumla, kana kwamba hatifungani ya miaka 10 na dhamana ya miezi 6 ni ndugu. Kwa mstaafu mwenye miaka mingi mbele, hatifungani ndefu inaweza kuwa sawa, kwa sababu riba mpya kubwa itamfidia baadaye. Kwa ada ya mwakani hakuna baadaye. Mteremko mzuri wa lengo fupi hupunguza vitu viwili kwa pamoja, wingi wa hisa na urefu wa hatifungani. Jedwali la mfuko wao lilionyesha cha kwanza tu. Urefu wa hatifungani ulikuwa kurasa 30 mbele, ndani ya maelezo ya mali za mfuko.

Katika kazi yangu mwenyewe nina la kusahihisha. Januari 2023 nilizungumza na hawa wawili kwa saa tatu juu ya fedha ya mtoto, na sikuuliza hata mara moja fedha yao ya kustaafu iko wapi. Nilikuja kugundua mwaka uliofuata kwamba yote ilikuwa benki. Ndiyo kusema mfuko uliotengenezwa kwa ajili ya uzee ulibeba ada, na uzee ukabaki kwenye akaunti isiyokua. Kama ningeuliza siku ile, zile sehemu 30 zilizobaki mfukoni zingeweza kupangwa pamoja na akiba ya uzeeni kama mali moja ya nyumba moja.

Tulilirekebisha 2024. Wamefungua akaunti katika msururu uleule, mfuko wa 2040, mwaka ambao Bi. N. anatarajia kuacha kazi. Safari hii alikuja na waraka umekunjwa kwenye ukurasa wa jedwali, akiwa amezungushia kalamu mstari wa 2040 na mistari saba iliyo chini yake. Alitaka kujua asilimia ya hisa ya kila mmoja, na hatifungani zake zina urefu gani. Tulikaa hadi tukaimaliza yote.